Maswali yenu kuhusu ladha na ubongo: mashine inaona nini hasa?

Toleo lililopita tuliweka habari fupi kuhusu watu wanaolala ndani ya mashine ya MRI, ile inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, wanadondoshewa maji ya sukari ulimini huku ubongo wao unapimwa. Ilikuwa aya mbili tu, lakini meseji zilizoingia baada ya hapo ni nyingi kweli na nimezisoma zote. Mada hii naipenda sana manake niliwahi kufanya kazi ya usaidizi kwenye maabara ya ladha, mimi ndo nilikuwa napima sukari na chumvi kwenye mizani na kujaza sirinji, kwahiyo leo safu nzima ni yenu. Maswali yaliyofanana nimeyaunganisha.

SWALI: Shikamoo dada. Ladha haina rangi wala umbo, sasa mashine inaionaje? Inaona ule utamu wenyewe? (Mwanafunzi wa sekondari)

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Haiuoni utamu. Hilo lishike kwanza kabla ya mengine yote, hamna mashine inayouona utamu, inachoona ni mambo yanayotokea ubongoni wakati mtu anahisi utamu, na kabla ya kufika huko kuna safari.

Safari inaanzia ulimini. Ukiutazama ulimi kwenye kioo utaona vinundu vingi, na kwenye baadhi ya vinundu hivyo kuna vikundi vya seli vimejipanga kama tumba la ua, kila kikundi kina seli kama 50 mpaka 100, na seli zenyewe hazikai sana, zinakufa na kuota nyingine kila baada ya siku 10 mpaka wiki mbili hivi. Sukari ikigusa seli ya utamu, seli inatoa taarifa, taarifa inapanda na mishipa ya fahamu mpaka kwenye shina la ubongo kule juu ya shingo, inapita kwenye thalamasi katikati ya kichwa, alafu inafika sehemu inaitwa insula. Insula huioni ukiutazama ubongo kwa nje, imejificha ndani ya mkunjo wa pembeni, lazima ufunue kama unavyofunua kurasa zilizogandana. Hiyo ndo stesheni ya kwanza ya ladha kwenye gamba la ubongo. Kutoka hapo taarifa inaenda mbele, kwenye sehemu iliyokaa juu tu ya macho, na huko ndo inaamuliwa kama kitu ni kizuri au kibaya, kama bado unakitaka au umeshakinai.

Sasa MRI inaingiaje. Seli za ubongo zikianza kufanya kazi, damu yenye oksijeni inakimbilia pale zilipo. Damu yenye oksijeni na ile ambayo oksijeni yake imeshatumika zina tabia tofauti mbele ya sumaku, ndo kitu ambacho Seiji Ogawa na wenzake walikionesha mwaka 1990, na mashine nyingi za siku hizi zina sumaku ya tesla 3 ambayo ni kama mara elfu 60 ya nguvu ya sumaku ya dunia, kwahiyo tofauti hiyo ndogo inakamatika. Ila damu inachelewa. Ladha imegusa ulimi sasa hivi, damu inafika kilele sekunde 5 au 6 baadae.

Alafu kuna jambo ambalo watu wengi wanaliruka na kwangu mimi ndo moyo wa kazi yote. Kilichoingia mdomoni sio utamu peke yake. Ni maji, yana ubaridi, yanagusa ulimi, yanataka kumezwa, na ile insula inapokea pia mguso na joto na maumivu. Kwahiyo ukimpa mtu maji ya sukari ukaona insula imeitika huwezi kusema moja kwa moja ni sukari, lazima umpe na kitu kingine kisicho na ladha alafu utoe hiki kwenye kile, kinachobaki ndo cha sukari. Utasema basi si wampe maji. Hata mimi siku ya kwanza nilisema hivyo hivyo, na nikafundishwa kwamba maji matupu nayo yana ladha! Ulimi unaogelea kwenye mate masaa 24 na mate yana chumvichumvi ndani yake, ukiyasuuza kwa maji matupu seli zinaona mabadiliko na ubongo unaitika. Ndo maana maabara nyingi zinatengeneza mate ya bandia, unachukua maji safi unaweka potasiamu kloridi kidogo na sodiamu baikaboneti kidogo kuliko hiyo. Na kwa vile mate ya watu hayafanani tulikuwa tunaandaa chupa kadhaa za nguvu tofauti, mshiriki anaonja zote anachagua ile ambayo kwake yeye haina kitu kabisa, hiyo ndo inakuwa yake mpaka mwisho.

Kwahiyo siku nyingine ukisoma kwamba sehemu fulani ya ubongo iliwaka kwa sababu ya sukari, uliza, ikilinganishwa na nini? Swali hilo utaniona nalirudia leo mpaka utachoka.

SWALI: Habari za kazi dada, mimi ni fundi umeme. Nimeona picha za mtu kavaa kofia yenye waya nyingi kichwani. Hiyo nayo inapima ladha? Na kati ya hiyo na MRI ipi iko vizuri? (Fundi)

JIBU: Salama kaka, na swali lako limenifurahisha manake hiyo kofia ni ya umeme mtupu. Inaitwa EEG. Mjerumani Hans Berger ndo alikuwa wa kwanza kurekodi umeme wa ubongo wa binadamu kupitia kichwani, mwaka 1924, akakaa nayo miaka mitano ndo akachapisha 1929. Umeme wenyewe ni mikrovolti, yani volti moja uigawe mara milioni, unachukua makumi machache ya hivyo vipande, ndo unachopata juu ya ngozi ya kichwa.

Uzuri wake ni kasi. EEG inasoma mara mia kadhaa mpaka elfu moja kwa sekunde, haisubiri damu. Ubaya wake ni mahali. Wewe fundi utanielewa, chukua ukuta uliokwisha pigwa plasta, ndani yake zimepita waya elfu, alafu wewe umepewa testa ya kugusa plasta kwa nje useme waya upi una moto. Fuvu ndo plasta. Unajua umeme umepita na saa ngapi umepita, ila waya gani hasa hapo unakisia kwa hesabu. MRI ni kinyume chake, mahali inakuonesha mpaka milimita 2 au 3, ila saa haijui vizuri. Kwahiyo ipi iko vizuri inategemea unauliza wapi au unauliza lini.

Kwa ladha EEG ina taabu nyingine. Misuli ya ulimi na taya inatoa umeme mkubwa kuliko wa ubongo, mtu akitafuna tu rekodi imeharibika, kwahiyo hamna kutafuna. Tena lazima ujue kwa usahihi kabisa ladha imegusa ulimi muda gani, na tone likidondoka kwenye ulimi mkavu ubongo unaitikia mdondoko wenyewe kabla ya ladha. Dawa yake ni kifaa kinaitwa gastomita, kinapitisha maji juu ya ulimi bila kukatika, joto lile lile, mkondo ule ule, alafu kinachomekea ladha katikati ya mkondo bila mtu kuhisi mguso wowote umebadilika. Na unarudia mara nyingi sana, makumi kwa makumi, ndo unachukua wastani, manake jibu la mara moja limezama kwenye kelele.

Kwa njia hiyo Kathrin Ohla na wenzake kule Ujerumani walichapisha mwaka 2015 kwamba kompyuta ikipewa rekodi za EEG inaweza kutofautisha kama mtu kaonja tamu, chumvi, chachu au chungu, na uwezo huo unaanza kuonekana kama milisekunde 175 tu baada ya ladha kugusa ulimi. Hiyo ni chini ya sehemu moja ya tano ya sekunde. Na kitu kilichonigusa mimi zaidi kwenye ile kazi ni kwamba ladha ambazo watu wenyewe walikuwa wanazichanganya, kompyuta nayo ilikuwa inazichanganya. Yani kilichopimwa kinafanana na kile mtu anachohisi.

Kuna na MEG, inapima usumaku wa ubongo badala ya umeme. Usumaku huo ni mdogo kuliko wa dunia zaidi ya mara milioni 100, kwahiyo vipimo vyake vya kawaida vinazamishwa kwenye heliamu ya kimiminika, nyuzi 269 chini ya sifuri, ndani ya chumba kilichozibwa kila upande. Inafanya kazi vizuri ila ni ghali mno, sehemu nyingi hamna.

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu. Nilifundisha miaka mingi kwamba ncha ya ulimi ni ya utamu, pembeni chumvi na uchachu, nyuma uchungu. Mjukuu wangu ananiambia sio kweli. Je, kwenye ubongo nako hamna ramani? (Mwalimu mstaafu)

JIBU: Shikamoo mwalimu. Mjukuu yuko sahihi, ila kosa sio lako, vitabu ndo vilivyoandika hivyo. Mwaka 1901 Mjerumani David Hänig alipima ulimi sehemu kwa sehemu akakuta tofauti ndogo sana za wepesi wa kuhisi, ndogo kweli, kila sehemu aliyoipima ya kingo za ulimi ilikuwa inaonja. Mwaka 1942 Edwin Boring wa Harvard akazichora zile namba kwenye mchoro ambao haukuonesha udogo wa tofauti, wasomaji wakaelewa kwamba penye mstari wa chini hamna ladha kabisa, na mchoro ukaingia madarasani. Unaweza kuhakikisha mwenyewe hapo ulipo, chukua chumvi kidogo weka kwenye ncha ya ulimi. Utaihisi.

Sasa ramani ya ubongoni, hapo mwalimu ndo pana utamu wa habari. Miaka ya 1950 daktari Wilder Penfield kule Montreal alikuwa anapasua vichwa vya wagonjwa wa kifafa wakiwa macho, maana ubongo wenyewe hauna maumivu, akawa anagusa insula kwa umeme mdogo na baadhi ya wagonjwa wakasema wanahisi ladha mdomoni wakati mdomoni hamna kitu. Mahali pakajulikana. Swali likabaki, ndani ya hapo mahali tamu ina chumba chake na chungu chake?

Kwa panya kikundi cha Charles Zuker wa chuo kikuu cha Columbia kilisema ndio. Walikuta sehemu ya utamu na sehemu ya uchungu zimekaa mbali mbali, na mwaka 2015 walionesha kwamba wakiwasha sehemu ya utamu kwa mwanga panya anafurahia kama kapewa sukari, wakiwasha ya uchungu anakwepa, na mdomoni hajawekewa kitu. Nilivyosoma ile karatasi nilikaa kimya muda mrefu. Kwa binadamu lakini haijaenda hivyo. Mwaka 2020 Jason Avery na wenzake Marekani walitumia mashine ya tesla 7, kali kuliko za kawaida, hawakukuta vyumba vya ladha moja moja, walichokuta ni kwamba sehemu ile ile ya insula inaitikia tamu, chumvi na chachu, ila kwa mpangilio tofauti. Mfano ni kama kwaya, waimbaji ni wale wale lakini wimbo unajulikana kwa jinsi sauti zao zinavyopangana. Mimi naona hilo la mpangilio ndo lenye nguvu kwa upande wa binadamu, ingawa watu wa panya hawajakubali na wana ushahidi wao mzuri tu.

SWALI: Pilipili mnaipima kama ladha ya ngapi?

JIBU: Sio ladha. Kile kikali cha pilipili kinagusa kipokezi cha joto na maumivu, ambacho David Julius na wenzake walikitambua mwaka 1997, na Julius akapata nusu ya Nobeli mwaka 2021 kwa kazi ya namna hiyo. Taarifa yake inapita kwenye mshipa mwingine kabisa, ule unaopeleka hisia za uso. Ladha zinazokubalika ni tano, tamu, chumvi, chachu, chungu na umami, na hiyo ya tano Kikunae Ikeda aliitoa kwenye mwani kule Japani mwaka 1908, ni ladha ya glutameti, ule utamu wa mchuzi wa nyama ambao sio wa sukari.

SWALI: Dada mimi kitu nikiambiwa ni cha bei kubwa nakiona kitamu zaidi. Mwenzangu anasema najidanganya. Ubongo unasemaje? (Msomaji wa siku nyingi)

JIBU: Mpendwa, mwambie mwenzako utafiti upo. Mwaka 2008 Hilke Plassmann na wenzake wa California waliwalaza watu 20 kwenye MRI wakawapa mvinyo kupitia mirija, kila tone linakuja na bei yake kwenye skrini. Waliambiwa mvinyo ni wa aina tano, kumbe ilikuwa mitatu tu, mmoja ule ule uliletwa kama wa dola 90 alafu ukaletwa tena kama wa dola 10. Watu wakasema wa 90 ni mzuri zaidi, na ile sehemu ya mbele juu ya macho nayo ikaitika zaidi. Ila angalia hapa, kwenye insula, ile stesheni ya kwanza ya ladha, bei haikubadilisha kitu. Kwahiyo ulimi haukudanganywa, ladha ilifika vile vile, kilichobadilika ni thamani iliyopewa ladha hiyo. Mimi siwezi kuita huko ni kujidanganya. Raha uliyoisikia ilikuwepo kweli.

Mwili nao unafanya hivyo hivyo bila kuhitaji bei. Mwaka 2001 Dana Small na wenzake walichapisha kazi ambayo watu walikula chokoleti kipande baada ya kipande mpaka wakapita kutosheka, mpaka ile ambayo mwanzo walikuwa wanaitamani ikawa inawachukiza, na huku wanapimwa damu ya ubongo kwa PET, mashine inayofuatilia kitu chenye mionzi kidogo kilichowekwa kwenye damu. Chokoleti ni ile ile. Lakini kadiri raha ilivyokuwa inashuka kuna sehemu zilipungua kazi na nyingine zikaongezeka, kama vile shauku na karaha zina njia mbili na zinapokezana. Naipenda ile kazi kwa sababu walitumia kitu kimoja tu mwanzo mpaka mwisho, wakamlinganisha mtu na yeye mwenyewe. Swali la ikilinganishwa na nini walilijibu vizuri kabisa.

SWALI: Mimi nasoma takwimu chuo na siamini. Hizi picha za ubongo wenye rangi nyekundu na njano si zinachorwa na kompyuta tu? Ukitafuta sana utapata chochote. (Mwanachuo)

JIBU: Mdogo wangu endelea na mashaka hayo, yanahitajika sana huku. Zile rangi ndio, zinapakwa na kompyuta, kila rangi ni namba ya takwimu. Hamna kitu chekundu kichwani kwa mtu. Ubongo unakatwa kwenye picha kuwa vijiboksi vidogo, na ukichukua vijiboksi laki moja ukakipima kila kimoja peke yake kwa kiwango cha makosa cha asilimia 5, vijiboksi 5,000 vitawaka kwa bahati tu hata kama hamna kilichotokea. Wewe hesabu hiyo unaijua kuliko mimi.

Craig Bennett na wenzake mwaka 2009 walilionesha hilo kwa namna ambayo hakuna aliyeisahau. Walimweka samaki aina ya salmoni ndani ya MRI, samaki mfu, wakamwonesha picha za watu na kumuuliza hao watu wanajisikiaje, utaratibu wote kamili kama anavyofanyiwa binadamu. Bila kusahihisha hesabu kwa ule wingi wa vipimo, vijiboksi kadhaa vikawaka ndani ya ubongo wa samaki aliyekufa. Waliposahihisha, vyote vikazimika. Walichokuwa wanasema ni kwamba usahihishaji ule sio hiari.

Kwenye ladha tatizo linazidi kwa sababu hatuwezi kukusanya data nyingi haraka. Mtu wa picha anamwonesha mshiriki picha mia kwa dakika chache, sisi kila tone likishaingia lazima mtu asubiri, ameze, asuuzwe, asubiri tena, na ulimi nao unazoea, tone la 30 la sukari halina nguvu ya tone la kwanza. Ukiongeza na gharama ya mashine unakuta utafiti una watu 15 au 20. Mimi binafsi matokeo ya watu 15 nayasoma kama dokezo, nasubiri kundi lingine lipate kitu hicho hicho. Vile vile usikubali mtu akikuonesha insula imewaka akasema basi mshiriki alikuwa anahisi utamu. Insula inawaka kwa mambo mengi, maumivu, hata mapigo ya moyo wako ukiyasikiliza, kwahiyo kutoka kwenye picha kurudi kwenye hisia njia sio nyoofu. Ndo maana kwenye utafiti mzuri baada ya kila tone mshiriki anaulizwa, tamu kiasi gani, umeipenda kiasi gani, na anabonyeza jibu. Bila jibu lake picha haina pa kusimamia.

SWALI: Mimi ni mama wa watoto wawili. Niliugua mafua makali na mpaka leo wiki ya saba chakula hakina ladha, nakula kama natafuna karatasi. Hospitali waliniambia nitazoea. Je, nikapimwe ubongo? (Mama)

JIBU: Pole sana mama. Wiki saba bila ladha ni kitu kizito, kinakuondolea hamu ya kula na hata furaha ya kukaa mezani na watoto, na aliyekuambia utazoea alipaswa akusikilize zaidi.

Kwanza fanya jaribio hili. Weka sukari kidogo ulimini, suuza, alafu chumvi, suuza, alafu kitu kichachu kama ndimu. Kama unazitofautisha, ulimi wako unafanya kazi na tatizo kubwa liko puani, manake kinachoitwa ladha ya chakula sehemu kubwa ni harufu inayopanda kutoka nyuma ya koo kwenda puani wakati unatafuna. Watu wengi sana wanaosema wamepoteza ladha baada ya mafua au Uviko wamepoteza harufu. Hilo mara nyingi linarudi polepole, na kuna mazoezi ya kunusa harufu chache zile zile kila siku asubuhi na jioni kwa miezi ambayo madaktari wa masikio, pua na koo wanayafundisha.

Kama hata sukari na chumvi huzihisi, hiyo ni nadra zaidi na inabidi ichunguzwe sababu. Baadhi ya dawa zinaharibu ladha, mdomo kuwa mkavu unaharibu, upungufu wa zinki pia, na kuna kitu wengi hawakijui, mshipa mmoja wa ladha unapita katikati ya sikio kwa ndani, kwahiyo aliyepasuliwa sikio anaweza kubadilika ladha upande mmoja wa ulimi. Mwambie daktari hayo yote. Vipimo vya kliniki ni vya kawaida tu, matone au vipande vya karatasi vyenye ladha, au umeme mdogo sana unaogusa ulimi kuona unauhisi kuanzia kiwango gani.

MRI ya kuonjeshwa kama tuliyoandika ni ya utafiti, inalinganisha makundi ya watu, haiwezi kukuambia wewe mama fulani una tatizo gani. MRI ya kawaida daktari anaweza kuiagiza akiwa na wasiwasi wa kitu kingine. Usikae nalo nyumbani, rudi, na ukiona husikilizwi nenda kwa mwingine.

SWALI: Mboga moja, mume wangu anasema chungu haiwezekani kula, mimi siuoni uchungu. Nani mkweli?

JIBU: Wote. Mwaka 1931 mkemia Arthur Fox alimwaga unga wa kemikali inaitwa PTC hewani kwa bahati mbaya, mwenzake akalalamika uchungu, Fox hakuhisi kitu ingawa yeye ndo alikuwa karibu zaidi. Leo tunajua sehemu kubwa ya tofauti hiyo inatokana na jeni moja, TAS2R38, inayotengeneza kimojawapo cha vipokezi vya uchungu kama 25 tulivyo navyo, na baadhi ya mboga zina kemikali za jamii hiyo. Ndo maana kwenye utafiti wa ubongo tunaanza kwa kupima ulimi wa kila mtu, usije ukafananisha ubongo wa watu wawili wakati mmoja kaonja maji na mwenzake kaonja uchungu.

SWALI: Nataka kujitolea kwenye utafiti wa hivyo. Ndani kukoje na nijiandae vipi? (Kijana)

JIBU: Hongera kwa moyo huo. Mimi nimelala humo mara moja, nilitaka kujua tunawafanyia nini watu. Utaulizwa kuhusu vyuma mwilini, kifaa cha moyo, risasi, kipande cha chuma kwenye jicho, sema ukweli wote maana ile sumaku haizimwi hata mashine ikiwa imetulia. Mara nyingi watakuambia usile masaa kadhaa kabla, usivute, na usipige mswaki kwa dawa kali muda huo manake itakuharibia ladha. Utalala chali, kichwa kimebanwa kwa sponji, mirija midogo imekaa juu ya ulimi, na mashine inagonga kwa kelele kubwa hata ukiwa na vizibo masikioni. Tone linaingia, kama nusu mililita mpaka moja, unakaa nalo, humezi mpaka uone alama, manake kumeza kunatikisa kichwa na milimita chache tu za kutikisika zinaharibu picha. Kumeza ukiwa chali kunasumbua mwanzoni alafu unazoea. Mimi kilichonishangaza ni jinsi sukari inavyokuwa nzito ukiwa huna kingine cha kutazama wala cha kufanya, sijawahi kuonja sukari kwa umakini ule.

Mkononi utapewa kipira laini cha kubonyeza. Ukijisikia vibaya, ukiogopa, ukichoka, kibonyeze, watakutoa na hulazimiki kueleza kwanini.